Mwanangu ana uvimbe tumboni na daktari anasema si saratani. Kwa nini basi apasuliwe?

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Igombe karibu na mwalo, na mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Ninakuandikia kuhusu mtoto wetu wa pili, wa kiume, mwenye umri wa miaka minane, ambaye yuko darasa la pili.

Tangu mwaka jana tumbo lake lilianza kujaa. Mwanzoni hatukulitilia maanani, kwa kuwa huku kwetu watoto wenye matumbo ni wengi na kila mtu ana jibu lake: minyoo, bandama, kichocho. Zahanati walimpa dawa za minyoo, baadaye dawa za kichocho, na wahudumu walipopita shuleni kugawa dawa hizo alimeza tena. Tumbo halikupungua. Kaptura ya shule niliyomnunulia mwezi wa kwanza haifungi tena kiunoni na huishikiza kwa pini, ilhali mikono na mabega yamekonda hadi mifupa inahesabika. Akila vijiko vichache anasema ameshiba. Halalamiki maumivu makali, ila akicheza mpira huchoka mapema na kukaa pembeni ameshika tumbo.

Mwezi uliopita tulipewa rufaa kwenda hospitali mjini. Alipimwa damu, choo na ultrasaundi, kisha siti skani. Daktari alitueleza kwamba yale si maji yaliyotapakaa tumboni kama tulivyodhani, bali ni uvimbe uliojaa maji, wenye vyumba vyumba ndani, ambao umetokana na mishipa ya limfu, na kwamba kwa anavyouona haufanani na saratani. Nililia kwa furaha. Halafu akasema mtoto anatakiwa kufanyiwa upasuaji ili uondolewe.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Mume wangu anasema kama si saratani hakuna sababu ya kumpasua mtoto, tusubiri akue, labda utanywea wenyewe. Mama mkwe anasema uvimbe ukiguswa na kisu unasambaa, na anamtaja jirani yetu aliyefariki baada ya kupasuliwa. Yeye anataka mtoto apelekwe kwa mtu anayekanda matumbo na kuchanja chale. Mhudumu wa kliniki moja binafsi naye alituambia anaweza kuyavuta maji kwa sindano kwa gharama ndogo na mtoto akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Nami usiku najiuliza kama nilikula au kumeza kitu kibaya nilipokuwa na mimba yake, maana daktari alisema huenda mtoto alizaliwa nao. Naomba ushauri wako, mama, kwa sababu tarehe ya kurudi hospitali inakaribia na bado hatujakubaliana.

Mama wa watatu, Igombe

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nianze na lile linalokunyima usingizi: hukumfanyia mtoto wako ubaya wowote. Mishipa ya limfu ni mirija myembamba inayokusanya majimaji yanayovuja kutoka kwenye mishipa ya damu na kuyarudisha kwenye mzunguko, na ile ya utumboni hubeba pia mafuta ya chakula. Mtoto anapoumbwa, baadhi ya mirija hiyo huweza kukosa kuungana na mingine, hivyo majimaji yanaingia lakini hayana pa kutokea, na mifuko inajaa polepole, pengine kwa miaka, bila mtu kujua. Hakuna chakula, dawa ya kawaida ya mjamzito wala kazi ya shamba inayojulikana kuleta hali hiyo, na hakuna aliyemtupia mtoto wako kitu. Mara nyingi uvimbe wa aina hii hutokea shingoni na kwapani, ambako mama huuona mapema. Wa tumboni ni chini ya asilimia 5. Wengi hugunduliwa kabla ya kufikisha miaka 5, lakini wapo wanaochelewa kama mwanao, kwa sababu tumbo lina nafasi na mtoto huzoea.

Kwa kuwa ni ugonjwa wa nadra, sishangai kwamba zahanati walianza na kichocho. Kandokando ya Ziwa Victoria kichocho cha tumbo ni kitu cha kila siku: watoto wanaoga, wanachota maji na kusaidia mwaloni, na minyoo inayotoka kwa konokono wa majini inapenya ngozi bila wao kuhisi. Mayai yake yakikwama kwenye ini kwa miaka mingi huacha makovu, bandama huvimba, na hatimaye maji hujaa tumboni. Kwa hiyo mhudumu akiona tumbo kubwa Igombe, kufikiria kichocho ni busara, wala dawa alizomeza mwanao hazikumdhuru. Huenda hata alikuwa nacho kweli, kwani mtoto mmoja anaweza kuwa na kichocho na uvimbe kwa wakati mmoja, na akipewa tena shuleni ameze. Lakini dawa ya kichocho huua minyoo. Haina uwezo wowote juu ya mfuko wa limfu. Tofauti ya hali hizi mbili huonekana mtoto akilazwa. Maji yaliyotapakaa hufuata mlalo: akigeukia kulia yanahamia kulia, na utumbo huelea juu yake. Maji yaliyofungwa ndani ya uvimbe hayahami, nao utumbo huwa umesukumwa pembeni au nyuma. Ultrasaundi huonyesha pia kuta nyembamba zinazogawanya vyumba ndani, na hivyo ndivyo vyumba alivyokutajia daktari.

Mlifanya vema sana kufuata rufaa, na hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wazazi wengine wanaosoma. Ukanda huu wa Afrika una saratani ya watoto inayoitwa limfoma ya Burkitt, iliyopewa jina la daktari wa upasuaji Denis Burkitt, ambaye mwaka 1958, akifanya kazi Kampala, aliandika habari za watoto waliokuwa na uvimbe wa taya. Ugonjwa huohuo hushambulia tumbo, na uvimbe wake hukua kwa kasi ya kutisha, kiasi cha kuonekana umeongezeka ndani ya siku chache. Ipo pia saratani ya figo inayowapata zaidi watoto wadogo wa chini ya miaka 5, ambayo mara nyingi mama huigundua anapomwogesha mtoto na mkono wake ukagusa kitu kigumu ubavuni. Zote mbili hutibika vizuri zaidi zikiwahiwa. Ndiyo maana tumbo la mtoto linalokua halipaswi kungojewa nyumbani kwa dozi ya tatu wala ya nne ya dawa za minyoo: likiendelea kukua baada ya dozi ya kwanza, apigwe ultrasaundi. Kwa mwanao, uvimbe uliokua polepole tangu mwaka jana, uliojaa maji, wenye kuta nyembamba na usio na sehemu ngumu ndani, unampa daktari sababu nzuri ya kusema haufanani na saratani. Hata hivyo neno la mwisho ni la mtaalamu wa patholojia, ambaye ataukata uvimbe vipande na kuuchunguza kwa hadubini baada ya kutolewa. Hiyo pekee ni sababu moja ya kuutoa.

Sasa nimjibu mume wako, ambaye swali lake ni la haki na linastahili jibu kamili. Uvimbe usio wa saratani hauvamii viungo vya jirani wala hausafiri kwenda mapafuni au kwenye ini, lakini unachukua nafasi, na tumbo la mtoto wa miaka minane halina nafasi ya ziada isiyo na mwisho. Mwanao anashiba kwa vijiko vichache kwa sababu tumbo la chakula limebanwa. Anakonda kwa sababu hali vya kutosha. Hilo tayari linatendeka. Yanayohofiwa zaidi ni yale yanayokuja kwa ghafla. Uvimbe kama huu mara nyingi hukaa kwenye utando unaoshikilia utumbo na kuupitishia mishipa ya damu, na yeyote aliyewahi kusafisha utumbo wa mbuzi ameuona utando huo. Uvimbe ukiwa mzito unaweza kuuvuta utumbo mpaka ukajisokota, damu ikakatika, na kipande cha utumbo kikaanza kufa katika muda wa saa chache. Mtoto akipigwa mpira au akianguka, mishipa ndani ya mfuko huweza kuvuja damu, tumbo likaongezeka ghafla naye akapauka. Wakati mwingine vijidudu huingia na majimaji kugeuka usaha. Katika hali zote hizo mtoto atapasuliwa tu, ila atapasuliwa usiku, akiwa na homa au upungufu wa damu, pengine baada ya safari ndefu, na huenda akapoteza sehemu ya utumbo ambayo leo ingeweza kuokolewa. Sioni kwamba mnachagua kati ya kupasuliwa na kutopasuliwa. Mnachagua mtoto aingie chumba cha upasuaji akiwa na hali gani.

Kuhusu kunywea wenyewe, matumaini ya mume wako hayakutoka hewani. Kuna uvimbe mwingine usio wa saratani, wa mishipa ya damu kwenye ini la mtoto mchanga, ambao mara nyingi hunywea mtoto anavyokua, na madaktari huufuatilia kwa ultrasaundi tu au huutibu kwa dawa ya propranololi ukianza kuelemea moyo. Kila aina ina hukumu yake, na daktari anayependekeza kisu kwa huu angependekeza subira kwa ule. Huu wa limfu ukishafikia kiasi cha kuzuia kaptura kufunga, haufai kuwekewa tumaini kwamba utanywea.

Kwa mama mkwe, naomba uzungumze naye kwa heshima, kwa sababu hofu yake imetokana na msiba alioushuhudia. Wagonjwa wengi wa saratani walifika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshaenea, wakapasuliwa, wakafariki, na lawama ikabaki kwa kisu. Mifuko ya limfu haina chembe za saratani za kusambaa. Kinachoweza kutokea ni uvimbe kurudi palepale ulipokuwa iwapo sehemu yake imebaki, na ndiyo sababu daktari wa upasuaji hujitahidi kuutoa wote. Ukitolewa wote, kurudi kwake si jambo la kawaida. Kama umekaa kwenye pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya utumbo, kazi huwa nyepesi. Kama umeshikana na utumbo, huenda akalazimika kukata kipande kifupi na kuunganisha ncha mbili, na mtoto huendelea kula na kukua kama wenzake. Mwulizeni mapema kama anatarajia hivyo.

Lakini kukanda, hapana. Nalisema hili bila kulilainisha, mwanangu. Mfuko uliojaa maji, wenye kuta nyembamba kama za huo, unaweza kupasuka ndani ya tumbo chini ya mkono wenye nguvu, na mishipa yake inaweza kuvuja damu. Kwa mtoto mwenye saratani ya figo ambayo haijajulikana, kukandwa huweza kuupasua uvimbe na kuumwaga ndani, na ugonjwa uliokuwa wa kutibika ukawa mgumu. Chale nazo hufungua njia ya usaha na pepopunda, wala hazifiki mahali uvimbe ulipo. Bibi akitaka kumsaidia mjukuu wake, amwombee, akae naye wodini, na amsimulie hadithi wakati anasubiri kupona. Mtoto atamhitaji sana siku hizo.

Na yule wa sindano msimwendee. Maji yakivutwa bila kuuondoa mfuko hujaa tena, kwa sababu kilichoyaleta bado kipo, na kila tundu ni nafasi ya vijidudu kuingia au damu kumwagikia ndani. Isitoshe, uvimbe una vyumba vingi, na sindano huingia kimoja. Ipo njia halali inayofanana nayo kwa mbali, ambapo wataalamu, wakiongozwa na picha, huchoma dawa ndani ya mifuko ili kuta zishikane, na ipo dawa ya kumeza iitwayo sirolimasi kwa uvimbe ambao hauwezi kutolewa wote. Hizo huamuliwa na daktari bingwa baada ya kuona siti skani. Hazifanywi kwenye kliniki ya mtaani mchana mmoja.

Kuhusu tarehe: mtoto wako hayumo katika hatari ya leo hii, hivyo majuma machache ya kusubiri zamu hayana neno, ila msiivushe miezi. Nimefikiria kazi ya mume wako. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza, na mbalamwezi ikiwaka hupumzika na kushona nyavu. Mkirudi hospitali mwelezeni daktari jambo hilo waziwazi, na kama ratiba inaruhusu, ombeni upasuaji uangukie siku ambazo baba yupo nchi kavu. Nenda naye, usiende kumwakilisha. Mwombeni daktari awaonyeshe zile picha, awaoneshe uvimbe uko wapi na utumbo umesukumwa wapi. Nimeona akina baba waliokataa kwa mwezi mzima wakikubali walipoiona picha kwa macho yao. Muulizeni kama upasuaji utafanywa na daktari bingwa wa upasuaji wa watoto na kama kuna mtaalamu wa dawa ya usingizi aliyezoea watoto. Kwa hapa Mwanza, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando ndiyo inayopokea wagonjwa kutoka mikoa ya kanda ya ziwa, hivyo kama hospitali mliyopo haina huduma hiyo, ombeni barua ya kupanda hapo. Kama gharama ni mzigo, msikae nyumbani kimya: nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya siku ya upasuaji, mkiwa na barua ya serikali ya mtaa wenu.

Katika siku hizi za kusubiri, mpe mtoto milo midogo mara nyingi badala ya sahani moja kubwa: uji wa lishe wenye karanga, dagaa, maharage, mayai. Mpira aache kwa muda, pia kupanda miti na kubebana na wenzake. Mweleze mwalimu wake sababu, ili asilazimishwe michezo. Ndugu wawili watatu wajiandae kuchangia damu. Siku ya upasuaji mtapewa saa ya kuacha kula, kwa kawaida muda wa saa 6 kabla ya upasuaji kwa chakula na muda wa saa 2 kabla yake kwa maji matupu. Mtoto asipewe hata andazi la kumbembeleza, kwani chakula kikiwa tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa usingizini. Na kama kabla ya tarehe hiyo atapata maumivu ya ghafla, akatapika kijani, tumbo likawa gumu, akashindwa kupata choo na kutoa hewa, akapata homa, au viganja na midomo ikapauka, msingoje kupambazuke. Mpelekeni usiku huohuo na karatasi zote za vipimo.

Niruhusu neno dogo kwa wazazi wa mabinti, maana barua zao huja hapa pia. Msichana anayevunja ungo, au hata kabla yake, anaweza kuota uvimbe kwenye ovari uitwao teratoma, na ulio wa kawaida zaidi katika umri huo si saratani. Ndani yake huweza kukutwa mafuta, nywele na hata meno, kwa kuwa hutokana na chembe zenye uwezo wa kuumba kila aina ya kinyama cha mwili. Mabinti wamefukuzwa shule kwa kudhaniwa wana mimba, na familia zimegombana kwa sababu ya nywele hizo wakidhani ni uchawi. Kipimo cha mimba na ultrasaundi humaliza ubishi huo siku moja. Na kama huu wa mwanao, nao huweza kujisokota ghafla na kuua ovari, kwa hiyo maumivu makali ya upande mmoja wa chini ya tumbo pamoja na kutapika yawahishwe.

Baada ya upasuaji mwanao atakaa wodini siku kadhaa, kwanza kwa dripu, kisha ataanza kunywa kidogo kidogo utumbo ukianza kufanya kazi. Msaidie ainuke na kutembea mapema kadiri wauguzi watakavyoruhusu, hata kama analia. Hakikisheni uvimbe umepelekwa patholojia na andikeni tarehe ya kufuata majibu. Wazazi wengi hufurahia kidonda kupona na kuyaacha majibu kabatini kwa daktari. Mtapangiwa kurudi kwa ultrasaundi ili kuangalia kama kuna mfuko wowote uliobaki, na miadi hiyo ina uzito uleule wa upasuaji wenyewe. Jambo la kukumbuka kwa miaka ijayo ni kwamba mtu aliyewahi kufunguliwa tumbo anaweza kupata makovu ya ndani yanayoziba utumbo. Siku yoyote akitapika kijani huku tumbo limejaa, hata akiwa kijana mkubwa, mwonyesheni daktari kovu lake kabla ya kueleza jambo jingine lolote.